Aliyeangusha Ashuke Matopeni

Bango lilifika kabla ya mwenye bango. Jasniar alilikuta njia panda, limefungwa kwa waya kwenye mduriani wa bibi yake, na waya umekazwa mpaka umekula gome. Alikuwa anatoka gulioni na tenga la mianzi mitupu ya kugandishia maziwa kichwani. Maziwa mgando ya nyati wake wa kufugwa yalikuwa yameisha yote, na moyo wake ulikuwa mweupe. Akatua tenga. Akasoma polepole, maana herufi zilikuwa za madoido.

MTINDO WA SIMBAMARARA WA TUTA, bango lilisema. Mwasisi: Mkufunzi Mkuu Bustamam. Mrithi: Mkufunzi Hendrizal. Jumamosi hii, Guguk Tampuni, wote mnakaribishwa. Chini palichorwa simbamarara mwenye meno kama misumari, na nyuma yake mwanamume kifua wazi anarusha teke la juu.

Akasoma tena. Halafu akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na aliyemkanyaga hata hajageuka.

"Simbamarara," akasema peke yake. "Simbamarara gani analima mpunga?"

Lakini si simbamarara aliyemchoma. Lililomchoma ni lile neno mrithi.

Hendrizal ni mtoto wa Bustamam, na Bustamam ni mjomba wa Jasniar, ndugu wa mamake tumbo moja. Mahali pengine hilo la kwanza lingetosha kumpa Hendrizal kila kitu. Kijiji cha Guguk Tampuni ndicho kinachomnyima. Mtoto ni wa ukoo wa mamake, na mama yake Hendrizal ni wa ng'ambo ya mto. Nyumba, majaruba ya mpunga, maji na silek, ile sanaa yao ya kupigana, hupita kwa wanawake. Mjomba huvishika kama mtu aliyepokezwa mtoto wa mwenzake ambebe njiani. Akichoka huwarudishia wapwa zake. Haulizwi kama mkono umemzoea.

Na silek ya tuta hakuna asiyejua ilikozaliwa. Ilizaliwa majini. Mama wa bibi yake Jasniar, aliyeitwa Bainar, aliishi wakati vitongoji viwili vinagombea mfereji mmoja, na wanaume wengi wako ugenini wanatafuta riziki. Kaka yake alirudi kutoka Lintau na mapigano ya huko, ya kukamata mkono na kuuvunja. Akamfundisha dada yake juu ya tuta la jaruba, kwa sababu ndipo adui alipokuwa anakuja kuziba maji. Juu ya tuta pana nafasi ya unyayo mmoja tu. Ukirusha teke umekwenda na maji. Ukiruka, unateleza. Basi mengi aliyotoka nayo Lintau yalikufa pale, yakabaki machache: hatua fupi, nyonga, kiwiko, na mkono unaopokea kile ulicholetewa.

Siku walipokuja, Bainar alimwangusha wa kwanza kifudifudi kwenye tope, na yule mtu hakuinuka. Bainar akaogopa. Akashuka, akamvuta, akamwosha uso kwa maji yale yale waliyokuwa wanayagombea. Msimu wa kupandikiza ulikuwa unakaribia, na yule mtu alikuwa jirani. Kutoka hapo ndiyo ikawa mila ya kiwanja: kabla ya kucheza unayasalimia maji, na aliyeangusha ndiye anayeshuka kumtoa aliyeanguka na kumwosha uso. Aliyeangushwa hainuki mwenyewe. Atakaa hapo hapo mpaka mwenye kosa lake aje.

Jasniar alianza kucheza kabla meno ya utoto hayajamwisha. Mjomba Bustamam alikuwa na mapaja kama mihimili, na alikuwa akimwangusha bila hata kubadilisha uso, kisha anakunja suruali na kushuka. Kuna watoto wanaojua harufu ya mkono wa baba yao. Baba yake Jasniar alikwenda Padang kuuza vitambaa akaota mizizi huko, kwa hiyo Jasniar alijua harufu ya mkono wa mjomba, ya karafuu na tumbaku, ikimpita puani na maji ya baridi. Alianguka mpaka akajua kila shimo la jaruba lile. Kisha akaanza kuangusha wavulana. Wengine walilia, si kwa maumivu bali kwa kuoshwa uso na msichana.

Akaolewa, akazaa, mume akafa ugenini kwa homa. Magoti ya Bustamam nayo yakaanza kumkataa. Kwanza alikaa kwenye kiti kandokando ya jaruba akisema "sawa" na "si sawa", huku Jasniar akifundisha. Baadaye kiti kikahamia kibandani kwa Labai Kadun, muuza chai, ambako halikuonekana jaruba lolote. Jasniar akaendelea. Asubuhi anakamua nyati, mchana yuko na mpunga, alasiri watoto wa watu wanamngoja juu ya tuta, miguu wazi. Mwanafunzi akimaliza, wazazi huleta sukari na tambuu kwa mwalimu, na siku hiyo Bustamam huja amevaa nguo safi, akapokea. Jasniar hakusema neno. Heshima ya mjomba ni heshima ya nyumba, ndivyo alivyojiambia. Kumbe mtu akinyamaza sana, watu hudhani amezaliwa hana mdomo.

Aliinua tenga lake akashuka moja kwa moja hadi kwa Labai Kadun.

Mwanamke haingii mle kibandani. Hakuna sheria, ni wanaume tu wanaoanza kukohoa. Jasniar akasimama mlangoni. Ndani walikuwa wanabishana.

"Mimi nasema silek ilitoka Siam," mmoja alikuwa anasema. "Mbona wazee wanamtaja paka wa Siam?"

"Na simbamarara wa Campa umemwacha wapi?"

"Na mbuzi wa msituni? Na mbwa?" akadakia Labai Kadun, akikoroga yai kwenye chai. "Kila asiyejua kupigana humu ana mnyama wake. Watu wa Sitaralak wanagonga kama nyati, haya. Wa Kumango wanakukunja taratibu kama wanakutawadhisha, haya. Nyie mtindo wenu upi? Wa kukalia kiti mpaka kikalegea."

Wakacheka. Kisha wakaona kivuli, kikohozi kikaanza.

"Mjomba," Jasniar akasema. "Njoo nje."

"Aa, mpwa wangu. Ngoja nimalize chai."

"Chai itakungoja. Mimi nimechoka kungoja."

Bustamam akatoka na fimbo yake, mguu mmoja ukitangulia, mwingine ukifikiri kwanza. Alikuwa bado mtu mzuri wa kutazama, mwenye masharubu meupe. Akakwepa macho ya mpwa wake.

"Umeona bango."

"Nimelisoma. Mwasisi ni wewe. Hongera, Mjomba. Sikujua kama ulimtangulia bibi yako kuzaliwa."

Ndani mtu alikohoa. "Huyo hakukohoa, huyo kacheka," ikasikika sauti ya Labai.

"Hayo ni matangazo tu, Jas," Bustamam akasema. "Hendri anasema watu wa mjini hawaelewi habari za tuta na mfereji. Simbamarara wanamwelewa."

"Na mrithi? Nalo ni tangazo?"

Mzee akachimba ardhi kwa ncha ya fimbo. "Ana shule yake ya silek mjini. Ana vijana wanaovaa sare. Ameonekana kwenye televisheni. Akivaa kilemba changu cha ualimu, jina letu litavuka bahari. Wewe utalivusha wapi? Gulioni, pamoja na maziwa?"

"Nani ameshika kiwanja tangu magoti yako yakukatae?"

"Wewe. Nani amebisha?"

"Bango limebisha."

"Jas, wewe ni mwanamke. Wazazi wa siku hizi..."

"Wazazi wa siku hizi watoto wananiletea mimi. Ni sukari tu ndiyo wanakuletea wewe."

Hapo hakuna aliyekohoa.

"Mila inabadilika," akasema Bustamam, na sauti yake ikawa ndogo.

"Inabadilika. Lakini mbona kila ikibadilika inajua njia ya kwa mwanao? Haijapotea hata mara moja ikaja kwangu?"

Bustamam akainua uso, na sasa alimtazama kweli. "Yule ni mwanangu. Mimi kwa mama yake nilikuwa mgeni, naingia magharibi natoka alfajiri, ndivyo tulivyolelewa. Zile alasiri zote nilizokuosha uso wewe, yeye alikuwa anakua bila mimi. Unafikiri hakuona? Nina kitu kimoja tu cha kumpa kabla sijafa."

Neno hilo lilimpata Jasniar. Lilimpata, na likamzidishia hasira, kwa sababu lilikuwa kweli, na ukweli wa mzee ulikuwa unanunuliwa kwa mali ya mpwa.

"Basi mpe fimbo," akasema. "Mpe masharubu. Hicho unachotaka kumpa si chako."

Akaondoka. Labai Kadun akamkimbilia na kitambaa cha kufutia vikombe begani, tumbo likitangulia.

"Dada Jas, hebu subiri. Jaruba si la kwenu? Fungulia maji yote yatoke. Wakifika Jumamosi wakute udongo umepasuka. Watacheza wapi? Kwenye sahani?"

"Nikaushe shamba langu kwa ajili yao? Mimi sifichi kiwanja kama kuku wa wizi. Waje. Anayepokea kilemba lazima kwanza acheze na mwanafunzi mkubwa. Mwanafunzi mkubwa ni nani?"

Labai akafikiri, kisha meno yakatoka. "Ni wewe."

"Akiniangusha, kiwanja nitampa kwa mikono yangu. Lakini hataniangusha. Nitamwangusha mimi, nitashuka, nitamwosha uso mbele ya hizo kamera zake. Polepole. Mpaka nyuma ya masikio."

Jumamosi ilikuja na jua la mapema, na mlima Singgalang ukatoka kwenye mawingu kama nao umealikwa. Magari ya mjini yakapaki juu ya majani ya nyati. Wakashuka vijana wenye sare nyekundu, simbamarara kashonwa mgongoni, wapiga picha wenye kamera za miguu mitatu ya chuma, na spika mbili kubwa. Watu wa Guguk Tampuni wakajipanga kwenye matuta ya mbali kama ndege. Vijana wa Jasniar walivaa suruali zao nyeusi zenye pindo pana la katikati, zile ambazo ukitanua miguu na kuupiga mtanuko kwa kiganja zinalia kama ngoma, na tayari walikuwa wanazipiga. Dup. Dup.

Hendrizal alikuja na tabasamu mbele. Alikuwa mwanamume wa mabega, nywele zimelala kwa mafuta, na viatu vyeupe ambavyo alivivua kwa huzuni.

"Dada Jas! Bado unauza maziwa?"

"Bado. Na wewe bado unauza ya babako?"

Tabasamu liliteleza kidogo, likarudi. "Leo siku ya furaha, dada. Tusikwaruzane."

"Utacheza na mimi?"

"Nitacheza, mbona! Watu wa kamera wanataka kuona tunacheza. Wewe anguka vizuri tu, kwa kupendeza. Nitakuwa mpole."

Jasniar alikuwa anatazama kitu kingine. Nyuma ya Hendrizal, Bustamam alikuwa amekwisha simama juu ya tuta, kilemba cheusi mikononi, na mpiga picha mmoja anamsogeza bega hivi na vile.

"Mjomba!" akaita. "Kilemba ni baada ya mchezo!"

"Jua linapanda," mpiga picha akasema badala yake. "Likishapanda nyuso zinaingia kivuli. Tufanye hiki kwanza, mama, halafu mtacheza."

"Sijaongea na wewe. Mjomba?"

Bustamam akatazama jua, kama vile ni la kulaumiwa. Kisha akamfunga mwanawe kilemba. Fundo lilimshinda mara ya kwanza, na Hendrizal akainamisha kichwa kumsaidia. Walioona sura ya kijana wakati ule wanasema haikuwa ya mtu mwenye majivuno. Ilikuwa ya mtoto anayefungwa kitufe. Jasniar aliona pia. Lakini hasira ya mtu aliyeibiwa haipungui kwa kuona mwizi naye ana njaa.

Alipanda tutani. Miguu yake iliujua udongo ule kama ulimi unavyojua meno. Hendrizal akapanda upande wa pili, akijipima, akapiga teke moja la juu hewani ili kamera zisiwe bure. Watu wa mjini wakapiga makofi. Ngoma za suruali zikaenda mbio, kisha zikapungua, zikanyamaza, kama inavyotakiwa wakati wa salamu.

Jasniar akachuchumaa. Akageuza ubavu kwa mpinzani wake, uso kwenye maji, kwa sababu maji ndiyo ya kwanza. Akagusa maji kwa ncha za vidole. Akapeleka vidole kwenye paji la uso, macho yamefumba. Kila mtoto wa kiwanja kile anajua kwamba hapo mwenzako naye amechuchumaa, naye macho yamefumba, na hakuna mahali salama zaidi duniani.

Hendrizal hakuwa amechuchumaa. Salamu ile hakuijua. Kwenye shule yake wanasalimu kamera, viganja kifuani, halafu firimbi. Aliona mtu ameinama, ameonyesha ubavu, na akadhani mchezo umeanza na yeye ana bahati. Alikuja kwa hatua mbili kubwa, akamsukuma kwa mikono yote miwili, kama mtu anayesukuma gari bovu.

Jasniar alikwenda kichwa kichwa. Tope likamwingia masikioni, puani, ndani ya kanga yake ya kichwani. Alipoinua uso alisikia makofi kwa mbali, kana kwamba yanapigwa chini ya blanketi.

Juu ya tuta Hendrizal alikuwa ameinua mikono. Vijana wake wa sare nyekundu walikuwa wanapiga kelele jina la simbamarara.

Watu wa Guguk Tampuni hawakupiga kofi hata moja. Walikuwa wanangoja. Labda hakujua salamu, sawa, mtu anaweza kukosa kujua. Sasa atashuka. Atakunja suruali yake nyekundu ashuke, na mambo mengine yatazungumzwa baadaye.

Jasniar alikaa kwenye tope, maji yakimfika kiunoni, mikono magotini. Naye alikuwa anangoja.

Hendrizal akaanza kuongea na kamera. Alieleza kuhusu mizizi ya kale, na roho ya mnyama, na jinsi baba yake alivyoigundua siri ile peke yake milimani.

"Hendri!" Labai Kadun akaita kutoka tuta la tatu. "Umesahau kitu chako hapo chini!"

Hendrizal akajigusa kichwani, kilemba kipo. Akajigusa mfukoni. "Kitu gani?"

"Mtu!"

Watu wa sare wakacheka wakidhani ni utani. Hendrizal akacheka nao. Akainama kutoka juu ya tuta, akanyoosha mkono mmoja, huku mwingine umeshika pindo la suruali lisiguse maji. "Inuka basi, dada. Tumemaliza."

Jasniar akautazama mkono ule. Ulikuwa mkavu.

"Shuka," akasema.

"Nishuke wapi?"

"Hapa."

"Dada, hii sare imeshonwa kwa ajili ya leo." Akapunguza sauti. "Usinifanyie hivi mbele ya watu. Umeshindwa, kubali."

"Nimekubali. Shuka."

"Mama, tunaomba utoke sasa," mpiga picha akaita. "Unaharibu picha."

Wale ndege wa matuta ya mbali wakaguna wote kwa pamoja, mguno wa chini, kama nyati anayekataa jembe. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Unaharibu picha! Yuko kwenye shamba la mama yake, anaharibu picha!" Mwingine akamtusi mpiga picha tusi la zamani lenye kuku ndani yake. Hendrizal akageuka huku na huku. Alijua sasa kwamba amekosea, ila hakujua ni nini, na hakuna aliyetaka kumwambia. Ilikuwa aibu ya kumuuliza mtoto, na mtoto yeyote pale angemjibu.

"Baba," akasema. "Wanataka nini?"

Bustamam alikuwa amesimama palepale alipofungia kilemba. Alikuwa anamtazama mpwa wake kwenye tope, na uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. Alitupa fimbo. Akakaa kitako kwenye tuta, kama mtoto anayeogopa ngazi, akateremsha mguu mmoja majini, akateremsha wa pili. Goti lililia kiasi cha kusikika. Hakukunja suruali.

Spika zilizimwa, hakuna ajuaye na nani.

Alikwenda kwa Jasniar akishika maji kwa mikono kana kwamba maji yanashikika. Alipofika, alipiga magoti, maana kuinama asingeweza. Akachota maji kwa viganja.

Jasniar akazuia mkono wake.

"Unafanya nini, Mjomba?"

"Ninakuosha uso."

"Anayeosha ni nani?"

"Jas."

"Anayeosha ni nani? Sema. Tangu niko na jino la maziwa ulinifundisha."

Maji yalikuwa yanavuja kati ya vidole vya mzee. "Aliyeangusha," akasema.

"Hawajasikia."

"Aliyeangusha!" Bustamam akapaza sauti, na ikapasuka katikati. "Ni mimi niliyemwangusha mpwa wangu. Yule kijana hajui hata alichofanya. Sikumfundisha. Nilitaka kumpa nyumba bila kumwonyesha mlango. Ni mimi."

"Na silek hii ni ya nani?"

"Ya Bainar. Ya mama wa bibi yako, na kaka yake. Mimi nilishikizwa tu."

Hapo Jasniar akauachia mkono. Mzee akachota upya, akamwosha paji, macho, pua, akamtoa tope masikioni kwa kidole kidogo. Mkono bado ulikuwa na karafuu na tumbaku. Jasniar alilia, lakini kwa kuwa uso ulikuwa maji matupu hakuna aliyefaidi. Kisha akasimama mwenyewe, akapanda tutani, matope yakimchuruzika, akageuka.

Hakuwa amesamehe. Ingekuwa rahisi kusema alisamehe. Alikuwa anazikumbuka sukari zote, na nguo safi, na "gulioni pamoja na maziwa", na kilemba kikifungwa kwa sababu ya kivuli. Alitamani kwenda zake, kukamua nyati wake, na kumwacha mtu yule na mwanawe na magari yao.

Chini yake, Bustamam alijaribu kuinuka. Tope la pale ni zito, na magoti yale hayakuwa yake tena. Alijaribu mara nyingine. Akabaki, mikono imezama hadi viwiko, masharubu yanadondosha maji.

Hendrizal akaanza kuvua kilemba apate kushuka. Vijana wa Jasniar nao wakarukia mbele.

"Mwacheni!" Labai Kadun akafoka, na hapakuwa na utani sautini mwake. "Nyote. Mwacheni hapo. Ana mtu wake."

Wazee wakaelewa kwanza. Mmoja akavua kofia. Kisha wanawake wakaelewa, kisha vijana, na mwisho hata Hendrizal, aliyemtazama baba yake, akamtazama binamu yake, akakaa chini juu ya tuta na suruali yake nyekundu ndani ya udongo. Bustamam mwenyewe alikuwa ameelewa tangu aliposhuka. Hakuomba. Alikaa na kungoja, mikono magotini, kama inavyotakiwa.

Mwalimu wa kiwanja kile hupumzika namna moja tu. Mwanafunzi humwangusha, kisha humtoa, na kiwanja kinakuwa chake. Bustamam mwenyewe alimtoa mjomba wake hivyo, Jasniar bado yuko tumboni.

Jasniar alisimama juu kwa muda mrefu. Wengine wanasema alikuwa anafikiri. Hakuwa anafikiri, alikuwa anavuta pumzi. Kisha akashuka tena kwenye maji, akaenda hadi kwa mzee, akamwosha uso. Hakumwosha polepole, wala hakumwosha kwa upole. Alimsugua kama sufuria lililoungua, mpaka nyuma ya masikio.

"Umeniangusha," Bustamam akasema chini ya viganja vyake.

"Bado sijamaliza," akasema Jasniar, akamshika mkono, akamvuta juu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.